Miaka Minane Katika Jua la Turkana

Msomaji mpenzi, usiku ule Mzee Jomo Kenyatta alipofariki dunia mimi nilikuwa macho. Si kwamba nilikuwa na habari ya jambo lolote. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 1978, na nyumbani kwetu Mombasa tulikuwa tumeamka kula daku. Yeye alikuwamo katika Ikulu ya Mombasa, mji uleule tuliokuwamo sisi, na kabla ya kupambazuka tarehe 22 Agosti roho yake ikatoka. Sisi habari tulizipata kwa redio mchana, nasi tungali na saumu.

Nakumbuka marehemu baba alikuwa ameketi barazani. Aliposikia tangazo lile alinyamaza kimya kirefu, kisha akatwambia kwamba mtu yule alikuwa mfungwa miaka mingi kule kwenye jua la Turkana, akatoka akawa mtawala, na kwamba ufalme ni wa Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye na humpokonya amtakaye. Halafu akaongeza jambo ambalo wakati ule sikulielewa. Alisema kuwa si hoja kutoka gerezani. Hoja ni kuwakumbuka uliowaacha ndani.

Maneno hayo nilitembea nayo miaka mingi bila kuyajua maana. Maana yake nilikuja kuipata baada ya kustaafu kazi ya ualimu, nilipofunga safari kwenda Turkana kumtazama mpwa wangu ambaye alikuwa akisomesha Kakuma.

Sisi watu wa pwani hujiona kwamba tunalijua joto. Nawaambieni kweli, joto letu lina huruma, kwa sababu lina upepo wa bahari. Tangu gari lilipoteremka kutoka milima ya Wapokoti na kuingia katika nchi ile tambarare, nilihisi kama nimefunguliwa mlango wa tanuri. Nchi ni mchanga na mawe, miiba na mbuzi, na hapa na pale mikoma iliyojipanga kando ya mito isiyokuwa na maji. Ile mikoma ndiyo iliyonituliza moyo, maana nayo tunayo kwetu. Lodwar ni mji ulio kando ya mto Turkwel. Nilipumzika hapo siku mbili, nikasali Ijumaa pamoja na Waislamu wa mji ule, kisha nikaendelea na safari ya kilomita zipatazo 120 hadi Kakuma.

Kakuma ni jina linalojulikana ulimwenguni tangu mwaka wa 1992, wakati wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao watoto wa kiume waliokuwa wametembea kwa miguu mamia ya maili, walipowekwa pale. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na hivi leo, pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei, watu hao ni zaidi ya laki mbili. Alfajiri utasikia adhana, na Jumapili utasikia ngoma za makanisa. Kila mmoja ana Mola wake wa kumlilia, na kila mmoja anangoja siku ya kutoka.

Hapo Kakuma nilizoea kunywa chai katika kibanda kimoja karibu na barabara, na hapo ndipo nilipojuana na mzee mmoja Mturkana, mtu mrefu mkavu, mwenye kigoda chake cha mti na sauti ya upole. Kiswahili chake alikuwa amejifunza jela. Alinieleza bila ya haya kwamba katika ujana wake alifungwa kwa wizi wa mifugo, na kwamba ndani ya gereza alikata tamaa hata akawa hataki chakula. Akaja mhubiri mmoja akawa anawasomea wafungwa Injili kila juma. Yule mzee akashika dini ya Kikristo humo humo gerezani, na kwa maelezo yake, tangu siku ile kuta zilikuwa zilezile lakini yeye hakuwa tena yuleyule.

Mimi ni Mwislamu, wala sikusita kumwambia hivyo. Lakini mtu anapokueleza jinsi alivyookolewa na kukata tamaa, huwezi kumkatiza maneno. Nilimsikiliza kwa heshima. Mwishoni aliniuliza, akiniita mwalimu, kama Mzee Kenyatta naye hakupata tumaini lake kwa njia hiyo hiyo, kwani yeye pia alifungwa katika nchi ya Waturkana, na yeye pia alikuwa mtu wa kanisa. Sikuweza kumjibu. Nikamwambia nitatafuta. Makala haya, msomaji mpenzi, ndiyo majibu yangu kwake, na kwa baba yangu pia.

Tuanze mwanzo. Mtoto aliyezaliwa katika nchi ya Wakikuyu mnamo miaka ya 1890 aliitwa Kamau wa Ngengi. Wazazi wake walifariki yeye angali mdogo. Mnamo mwaka wa 1909 alikwenda kwenye misheni ya Waskoti huko Thogoto, akajifunza kusoma, kuandika na useremala. Katika Agosti 1914 akabatizwa. Inasimuliwa kwamba alitaka aitwe kwa majina ya wanafunzi wawili wa Nabii Isa, Yohana na Petro, nao wamisheni wakamwambia achague moja. Petro maana yake ni jiwe. Basi kijana akaunganisha Yohana na jiwe kwa Kiingereza, akapata jina la Johnstone. Jina moja, na ndani yake yamo yote mawili. Tangu hapo mtu angeweza kubashiri kwamba huyu hatakuwa mtu wa kupangiwa mambo.

Na kanisa halikukawia kuliona hilo. Mwaka wa 1920 alimwoa Grace Wahu kwa mila za Kikikuyu, na wazee wa kanisa wakamtia adabu kwa jambo hilo na kwa ulevi, wakamzuia na karamu yao takatifu. Baadaye alifunga ndoa ya serikali. Alifanya kazi katika idara ya maji mjini Nairobi, akawa mtu wa kujipamba, akivaa mkanda wa shanga ambao wengi husema ndio asili ya jina la Kenyatta. Akaingia katika chama cha Wakikuyu kilichodai ardhi, na mwaka wa 1928 akawa mhariri wa gazeti lake, Muigwithania.

Mwaka wa 1929 alikwenda London kupeleka malalamiko ya ardhi. Mwaka huo huo ukazuka mzozo mkubwa kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wanawake, na maelfu wakayaacha makanisa ya wazungu wakajenga ya kwao na shule za kwao. Kenyatta alisimama upande wa mila. Alirudi Uingereza mwaka wa 1931 akakaa huko miaka kumi na mitano. Alifika Moscow akasoma huko, akasoma elimu ya mila za watu katika Chuo Kikuu cha London chini ya Profesa Malinowski, na mwaka wa 1938 akatoa kitabu chake, Facing Mount Kenya. Katika kukitengeneza kitabu hicho alisaidiwa na bibi mmoja Mwingereza, Dinah Stock. Naomba msomaji alishike jina hilo, kwa sababu tutalikuta tena mahali tusipolitarajia.

Septemba 1946 alirudi nyumbani kwa meli, akashukia bandari ya Mombasa. Kwa hiyo alirudi katika nchi yake kupitia mlango wetu, na miaka thelathini na miwili baadaye akatoka katika dunia kupitia mlango huo huo. Mwaka wa 1947 akawa rais wa chama cha KAU. Masetla walimwogopa, na wananchi walijaa katika mikutano yake. Yalipoanza mauaji na viapo vya Mau Mau, gavana mpya, Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku ule ule Kenyatta akakamatwa.

Walioshtakiwa pamoja naye walikuwa watano: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mahali pa mbali pasipokuwa na reli wala hoteli, ili watu wasiweze kufika. Nilipopita hapo nilisimama kuyatazama makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1993, nikaingia katika vile vyumba vidogo vya wafungwa. Mtu huwezi kukaa humo hata dakika chache bila kutafuta mlango kwa macho.

Kesi yenyewe ilikuwa ya aibu. Jaji Ransley Thacker, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alilipwa na serikali pauni 20,000 nje ya mshahara wake. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, alikuja kuapa mwaka wa 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Na ajabu ni kwamba alifungwa kwa kiapo hicho cha pili, si kwa kile cha kwanza. Mawakili wa utetezi walioongozwa na D. N. Pritt walitoka Uingereza, India, Nigeria, Jamaica na hapa Kenya. Hayo yote hayakufaa kitu. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Rufani ilimwondolea hatia Oneko, lakini serikali haikumwachilia. Wakati wenzake wakiwa katika mchanga wa Turkana, yeye alikuwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Kwa hivyo pwani yetu nayo ilikuwa na gereza lake katika hadithi hii.

Kenyatta na wenzake wanne walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana, karibu na mipaka ya Sudan na Ethiopia. Wilaya nzima ilikuwa imefungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Wafungwa walivunja mawe na kuchimba mashimo katika jua lile nililokuelezeni. Kenyatta alikuwa mtu wa makamo, umri umekwisha kusonga, na daktari akaagiza asifanye kazi za namna hiyo. Akafanywa mpishi. Hebu mfikirie, msomaji: mtu aliyesoma kwa Malinowski, mwenye kitabu chake madukani London, ameinama juu ya sufuria akiwasongea wenzake ugali. Nyororo zilikuwa zimemdhuru miguu, na ngozi yake ilipata ugonjwa wa kuwasha mwili mzima.

Mwaka wa 1954 akaletwa mfungwa mwingine, Waruhiu Itote, ambaye msituni aliitwa Jenerali China. Alikuwa amehukumiwa kunyongwa, akasamehewa. Kenyatta alimfanya kama mwanawe, akawa anamfundisha Kiingereza. Baada ya kazi za jikoni mpishi aligeuka mwalimu. Mwaka wa 1955 akaja ofisa mwingine wa serikali, de Robeck, na hali ya wafungwa ikapata nafuu kidogo.

Lakini gereza halivunji miguu tu. Huvunja na udugu. Kufikia mwaka wa 1957 wale wafungwa wachache walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Upande mmoja Kenyatta na Itote, upande wa pili Kaggia, Kubai, Ngei na Karumba, waliojiita chama chao wenyewe. Siku moja wakati wa chai ya asubuhi mmoja alijaribu kumchoma Kenyatta kisu, asifanikiwe. Barua ya malalamiko ilipopenyezwa hadi London, nayo ikachapishwa gazetini mwaka wa 1958, jina la Kenyatta halikuwamo. Walikuwa watu wachache tu katika jangwa, wamefungwa kwa ajili ya jambo moja, na hawakuweza kula pamoja kwa amani.

Hapa ndipo swali la yule mzee wa Kakuma linapoingia. Mtu aliyevuliwa cheo na uhuru, aliyetengwa na mke na watoto, na ambaye hata wafungwa wenzake wamemkimbia, huwa anashika nini usiku?

Jibu nililolikuta ni hili. Alisoma. Na miongoni mwa vitu alivyovisoma ni dini. Yule rafiki yake wa zamani, Dinah Stock, aliyemsaidia kukiandika kitabu chake, hakumsahau. Alimpelekea vitabu huko kifungoni. Kwa vitabu hivyo Kenyatta alisoma juu ya Ukristo, na juu ya Uislamu, na juu ya dini ya Wahindu na ya Wabudha. Kijana wa Thogoto aliyelazimishwa kuchagua jina moja kati ya mawili, sasa mvi zimemjaa, hakuna mmisheni wa kumwambia achague kipi. Alivisoma vyote.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Kakuma, siwezi kukwambia kwamba Mzee Kenyatta aliongoka gerezani kama ulivyoongoka wewe. Biblia aliijua tangu ujana wake, akaitumia katika maneno yake mpaka mwisho, na aliithamini. Lakini waliokuwa karibu naye hawakumhesabu kuwa mtu wa ibada nyingi. Wala siwezi kuwaambia wenzangu wa pwani kwamba kwa kusoma juu ya Uislamu alikaribia kusilimu. Ninaloweza kusema ni kwamba alipokuwa amenyimwa kila kitu, alitaka kujua wanadamu wengine, wa kila umma, walishika nini walipokuwa katika dhiki. Mtu aliyekata tamaa haulizi swali hilo. Swali lenyewe ni alama ya matumaini.

Na nje ya gereza mambo yalikuwa yakigeuka. Juni 1958 Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatangaza kwamba wale waliofungwa Lokitaung bado ndio viongozi wa watu. Wengi walimpigia kelele, Waafrika wakiwamo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na jina la Kenyatta lililokuwa halitajwi likaanza kuimbwa.

Aprili 1959 kifungo chake kilikwisha, wala hakurudi kwao. Serikali ilimhamishia Lodwar, akae huko kwa amri, bila tarehe ya mwisho. Alipewa nyumba, akaruhusiwa mkewe Ngina kuja kukaa naye, lakini kila siku ilimbidi aende mara mbili kujionyesha kwa Mkuu wa Wilaya. Niliporudi Lodwar kutoka Kakuma nilitembea polepole wakati wa jioni, nikijaribu kupima mwendo ule. Miaka miwili, mara mbili kila siku, mzee anakwenda na fimbo yake kumwonyesha kijana wa Kizungu kwamba bado yupo. Nadhani udhia wa jambo kama hilo ni mkubwa kuliko wa kuvunja mawe. Jiwe hukuchosha mwili, bali kujionyesha kila siku hukukumbusha kwamba wewe si mtu mzima machoni mwa mwingine.

Mei 1960 Gavana Patrick Renison alimtangaza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Mwaka huo huo chama kipya cha KANU kilimchagua mtu huyo huyo kuwa rais wake, na serikali ikakataa kukiandikisha chama kwa jina lake, hata James Gichuru akamshikia kiti. KANU walishinda uchaguzi wa Februari 1961 wakakataa kuunda serikali mpaka Mzee atoke. Ndugu yetu wa pwani Ronald Ngala wa KADU ndiye aliyekubali kuongoza shughuli za serikali. Machi 1961 viongozi wa vyama vyote viwili walikwenda Lodwar kumwona. Hapo palikuwa na kichekesho cha historia: mfungwa hakuweza kutoka, basi siasa ya nchi nzima ikapanda ndege ikamfuata jangwani.

Mwezi uliofuata alihamishiwa Maralal, na Agosti 1961 akarudishwa Gatundu akiwa huru. Oktoba mwaka huo Ngina alizaa mtoto wa kiume, na wakamwita Uhuru. Tangu Kapenguria mpaka Maralal ni miaka minane iliyopotea, sita ya Lokitaung na miwili ya Lodwar.

Sasa sikilizeni alivyofanya alipopata nguvu. Tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, alikwenda Nakuru katikati ya masetla, watu waliotaka anyongwe, akawaambia kwamba yeye ameshasamehe na wao wamsamehe, na kwamba wabaki walime. Walioingia ukumbini na hofu walitoka wakimpigia makofi. Mwaka wa 1968 alipotoa kitabu juu ya maisha yake alikipa jina lenye maana ya kuteseka bila kinyongo. Hata Renison aliyemtukana hakumlipiza.

Nasi watu wa pwani alitukuta katika mwaka huo wa 1963. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, na wazee wetu walikuwa na wasiwasi juu ya dini yao chini ya serikali mpya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua ambazo ndani yake aliahidi uhuru wa kuabudu, mahakama za Makadhi zihifadhiwe, na watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu. Makadhi wangalipo mpaka leo. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya vitabu vya Lokitaung; siasa ina sababu zake nyingi. Lakini mtu aliyekuwa amekwisha kuisoma dini ya jirani yake hakuweza kujifanya haijui.

Nilipokuwa nikifikiri hayo Lodwar, kila mara nilimkumbuka Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Yeye pia alitiwa gerezani kwa ushahidi wa uongo, akakaa miaka, akawa na elimu ya kuwafaa wafungwa wenzake, akatolewa akapewa hazina za nchi, na ndugu zake waliomtupa kisimani walipokuja mbele yake aliwasamehe. Nikasema, naam, huyu ndiye mfano wa Kenyatta. Nikataka makala yangu yaishe hapo, kwa sababu ni mwisho mzuri.

Lakini kisa cha Yusuf kina mtu mwingine, ambaye sisi humpita haraka. Yumo yule mfungwa mwenzake aliyetoka kabla yake akarudi kumnywesha bwana wake mvinyo. Yusuf alimwomba jambo dogo tu, amtaje kwa bwana wake. Akatoka, akasahau. Yusuf akabaki ndani miaka mingine.

Hapo maneno ya marehemu baba yakanirudia. Maana tazameni yaliyofuata. Bildad Kaggia, aliyevunja mawe Lokitaung, alifungwa tena mwaka wa 1968, safari hii na serikali ya mwenzake wa kifungo. Odinga, mtu wa kwanza kulitaja jina la Kenyatta barazani wakati wengine wanaogopa, alitiwa kizuizini mwaka wa 1969 akakaa hadi 1971. Achieng Oneko, wa Kapenguria na Manda, alikamatwa mwaka huo huo wa 1969 akatoka 1975. Mwaka huo wa 1975 wakachukuliwa Martin Shikuku na Jean Marie Seroney, na mwisho wa 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Sheria iliyomweka Kenyatta Lodwar bila tarehe ya mwisho ilikuwa ya mkoloni. Hawa waliwekwa bila tarehe ya mwisho katika Kenya huru.

Na kijana wetu wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, nani katika wasomaji wangu asiyemjua? Alikamatwa mwisho wa mwaka wa 1968 kwa karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, na Machi 1969 akahukumiwa miaka mitatu. Aliwekwa peke yake. Yeye naye alikuwa na lake la kushika usiku: alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka wa 1972, na mwaka uliofuata diwani yake, Sauti ya Dhiki, ikachapishwa. Mwaka wa 1974 ilipewa tuzo kubwa ya fasihi nchini. Tuzo hiyo iliitwa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Sijui kama kuna ncha kali kuliko hiyo katika historia ya vitabu vyetu: mfungwa anatuzwa kwa maneno ya kifungo chake, kwa jina la aliyekuwa mtawala alipofungwa, ambaye naye aliwahi kuwa mfungwa.

Wengine walitoka baada tu ya Mzee kufa, Desemba 1978, wakati Rais Moi alipowafungua waliokuwa kizuizini.

Sikuyaandika haya kumvunjia heshima marehemu. Aliyetupa bendera ana haki yake, na msamaha wake wa Nakuru uliiepusha nchi na damu nyingi. Lakini baba alinifundisha kupima mizani kwa pande zote mbili. Mzee Kenyatta alikuwa Yusuf kwa waliomfunga, akawasamehe. Kwa waliofungwa pamoja naye na baada yake, alikuwa yule mnyweshaji, akasahau. Mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili, na pengine kila mmoja wetu ni wote wawili kwa kiasi chake.

Kabla ya kuondoka Turkana nilirudi Kakuma kumuaga yule mzee. Nilimweleza yote kama nilivyowaelezeni. Alisikiliza hadi mwisho, akikizungusha kigoda chake mkononi, kisha akanyanyuka akaniomba radhi, kwani siku ile alikuwa na safari. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akanieleza kwamba kila mwezi, tangu alipotoka, hupata gari la kumchukua hadi kwenye gereza alilofungwa, akiwa na sabuni na majani ya chai, kwa ajili ya wafungwa wasiokuwa na jamaa. Hachagui Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote hiyo, wala hakuona kama ni jambo la kutajwa.

Nilimpa pesa kidogo aongeze sabuni. Akapanda lori akaketi juu ya magunia, kofia yake imefunika macho, na gari likaondoka na vumbi lake upande wa Lodwar.